Mama Alivyompa Jirani Tuzo

Kwetu sisi zile tuzo kubwa za filamu zinazotolewa Marekani kila mwaka zilikuwa jambo la familia. Majina ya wanaowania yakitoka tu, kundi letu la familia kwenye simu huchemka: binamu walioko Dar, shangazi yetu wa Maskati, wajomba, mawifi, kila mtu na steringi wake, kila mtu na hoja zake za kumtetea. Hakuna anayeweka pesa, maana kamari ni haramu na shangazi wa Maskati angetutoa wote kwenye kundi siku hiyo hiyo. Anayepatia anasifiwa, anayekosa zote anachekwa mpaka Sikukuu. Wageni wa hoteli ninayofanya kazi hushangaa nikiwahadithia. Wao wanaona watu wa kisiwani tungekuwa tunashughulika na nazi.

Bingwa wa mchezo huo, miaka nenda miaka rudi, alikuwa mama yangu. Marekani hajafika. Kiingereza chake ni cha kumwelekeza mtalii njia ya Ngome Kongwe, na hata hapo huelekeza zaidi kwa mkono. Lakini sinema ameanza kuziangalia kabla ya wengi wetu kuzaliwa, enzi za majumba ya sinema hapa mjini, ambapo kulikuwa na siku ya wanawake peke yao, mchana, nao waliingia na watoto wao na karanga zao na kuzungumza na skrini kwa sauti. Mchezaji akicheza vibaya aliambiwa hapo hapo. Mama anasema alijifunza kuhukumu ndani ya kiza kile, pembeni mwa wanawake waliokuwa hawamwonei mtu haya.

Kipimo chake kilitoka kwenye taarabu. Aliyekaa kwenye taarabu anakijua: mwimbaji anapokugusa, unainuka kwenye kiti, unakwenda mbele na noti yako, unamtunza, na ukumbi mzima unaona kwamba umeguswa. Usipoguswa unakaa kitako, hata kama mwimbaji ni wifi yako. Mama aliichukua sheria hiyo akaitia kwenye filamu. Alikuwa hasemi fulani atashinda. Alisema, "Huyu ningemwinukia," au, "Huyu asingenitoa kitini." Na kwa vile magoti yake yanamsumbua, kuinuka kwake kuna gharama, hampi mtu bure. Mwaka baada ya mwaka aliowainukia walishinda, mpaka kwenye kundi watu wakawa hawataji wao kwanza. Wanauliza: mama kamwinukia nani?

Kisha macho yakaanza. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwishapotea hakirudi. Sasa mama anaona mwanga na vivuli. Anajua nimesimama mlangoni, hajui nimevaa nini. Nilidhani filamu ndiyo basi, na nikaumia kwa niaba yake kabla yeye mwenyewe hajaumia. Yeye akaniambia nimsogezee kiti karibu na televisheni nimsimulie. Basi tukawa hivyo. Mimi nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ndogo Shangani, natoka mchana, napitia Darajani nijaziwe filamu kwenye flashi, na jioni tunakaa. Yeye anasikiliza, mimi namwambia nani kaingia, nani kasema nini, nani kakunja uso. Nikitia maneno yangu hunikatiza.

"Usinihukumie," husema. "We nisimulie."

Tunaishi sisi wawili Kiponda, ghorofa ya pili, kwenye nyumba aliyoachiwa na baba yake. Nilirudi hapo baada ya talaka na sijajuta. Uchochoro wetu ni mwembamba kiasi kwamba dirisha letu na la jirani yanatazamana, na ukiishiwa chumvi unaweza kupewa bila ya kuteremka ngazi. Nilizoea kujua kwa jirani kumepikwa nini. Naye bila shaka alijua kwetu kumeoneshwa filamu gani.

Nina kaka mmoja, mkubwa wangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe na nyuma ya duka amejenga nyumba yake. Ni mtu mwema, nalisema hili kwa sababu ndivyo alivyo, na pia kwa sababu wema wake ndio uliokuwa ukinitia hasira. Amemjengea mama chumba cha chini, kina vigae, kina choo ndani, kina feni mbili, na kwa muda mrefu amekuwa akija na maneno yale yale: mama ahame. Mwanzo sababu ilikuwa ngazi. Mama akamjibu kwamba ngazi zile alizipanda na mimba yake yeye, na hakuanguka. Yalipoharibika macho, nilidhani kaka ataongeza nguvu hapo hapo kwenye ngazi. Hapana. Aliziacha ngazi akahamia kichwani.

"Mama kichwa kimeanza kuchoka," aliniambia siku moja jikoni, kwa sauti ya chini kama ya mtu wa hospitali.

"Kwa nini?"

"Katia chumvi kwenye chai yangu."

Nilimwambia yeye mwenyewe alipokuwa na miaka thelathini alivaa viatu vya jozi mbili tofauti akaenda navyo mpaka dukani, na hakuna aliyemtafutia chumba chenye vigae. Hakucheka. Tangu siku hiyo kila alipokuja nilimwona akimwangalia mama kwa jicho la mtu anayekusanya ushahidi.

Sasa mwaka huu. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Shaabani, Ramadhani iko mlangoni, na kaka alikuwa amekuja kula chakula cha mchana. Baada ya kula nikaweka ile filamu ambayo dunia nzima ilikuwa imeshasema itachukua kila kitu, ya mwanamke ambaye mumewe amekufa vitani. Filamu kubwa, ya fedha nyingi, farasi wanaungua, muziki hauna mwisho. Mwigizaji wake ndiye aliyekuwa akisemwa kila mahali kwamba tuzo ya mwanamke bora ni yake, zimebaki taratibu tu. Alipofika kituo cha treni akalia, akalia kweli kweli, kwa makamasi. Nikamsimulia mama.

"Nnamsikia," alisema. "Kaambiwa alie, analia. Endelea."

Kaka alikuwa kochini na simu yake. Filamu ikafika mahali yule mwanamke amerudi nyumbani, na mwongozaji kaamua kwamba sasa muziki unyamaze. Nikasema: "Sasa kakaa dirishani peke yake. Nje mvua inanyesha."

Hapo tukasikia kilio. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa cha mtu aliyejiziba mdomo kwa nguo ili asisikike, kinatoka kidogo, kinakatika, kinakaa kimya muda mrefu, kisha pumzi inamtoroka tena. Mama akanyanyua kichwa. Mkono wake ukaenda kwenye pindo la kanga, pale anapofunga noti zake, na mkono mwingine ukashika mkono wa kiti. Akainuka. Miaka miwili alikuwa akiwainukia watu kwa maneno tu. Akasimama wima na magoti yake yale.

"Hapo!" akasema. "Hapo sasa. Huyu apewe. Wengine wote wakae."

Lakini alikuwa ameelekea dirishani.

"Mama," kaka akasema, "televisheni iko huku."

Nikaisimamisha filamu. Mwanamke wa kwenye skrini akaganda na mdomo wake umefungwa. Kilio kikaendelea. Kilikuwa kinatoka ng'ambo ya uchochoro, nyuma ya pazia la jirani.

Kaka alicheka. Simlaumu kwa sekunde ile ya kwanza, hata mimi midomo ilinicheza. Ila yeye aliendelea, akachukua simu, akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi huku anacheka, kwamba mama kampa tuzo jirani, jirani wa dirishani, na Marekani wafanye haraka walete. Mama alisimama pale pale akisubiri tumalize.

"Kwani ni nani?" akaniuliza.

"Ni jirani, mama. Wa dirisha la pili."

"Analia kweli?"

"Analia."

"Basi mbona mmekaa?"

Akaniomba buibui lake. Akateremka ngazi zile ambazo kila mtu alikuwa akimhurumia nazo, mkono mmoja ukutani na mmoja begani kwangu, tukavuka uchochoro, akapiga hodi.

Jirani yule ni binti mdogo tu, alihamia miezi michache nyuma kutoka Pemba, na mumewe anafanya kazi hotelini Paje, anarudi nyumbani siku zake za mapumziko. Tulikuwa tukisalimiana dirishani na mambo yakiishia hapo. Alipofungua mlango alikuwa na nguo bado mkononi, imelowa. Baba yake alikuwa amefariki asubuhi ile huko kwao. Boti ya siku ile ilikuwa imeshaondoka wakati simu inampata, na mazishi hayangemsubiri. Alikuwa hajamwambia mtu hapa mjini kwa sababu, alisema, hakuwa na mtu wa kumwambia. Mama akamkalisha chini, akakaa naye, akamlaza kichwa mapajani mwake. Hakumwambia anyamaze. Alimwambia, "Toa sauti, mwanangu, hapana anayekukataza," na yule binti akatoa sauti. Tulikaa pale mpaka maghribi, na asubuhi yake nilimsindikiza bandarini.

Tuliporudi juu jioni ile, kaka alikuwa ameshaondoka. Kundi lilikuwa linacheka bado. Watu wameweka vicheko mpaka unashindwa kusoma. Shangazi wa Maskati peke yake hakucheka, alituma ujumbe kwamba kubashiri ni kujitia kujua mambo ya ghaibu, na mwezi mtukufu unakaribia. Nikamsomea mama.

"Mwambie mimi sibashiri," alisema. "Mimi nnahukumu. Kadhi naye anahukumu."

Nilidhani yamekwisha. Siku ya pili kaka akanipigia simu, na safari hii hakuwa anacheka.

"Mdogo wangu, nisikilize," alisema. "Nlicheka, lakini usiku sikulala. Mama hajui tena sinema inaishia wapi na uchochoro unaanzia wapi. Hayo si macho. Siku moja atamfungulia mlango mtu asiyemjua akidhani ni mimi."

"Kama ni kichwa kimechoka," nikamjibu, na moto ulikuwa umeshanipanda, "kwa nini kila mwaka anakushinda?"

"Zamani hizo."

"Basi subiri tuzo! Mama akikosa zote, njoo na gari yako umchukue."

"Nshakusikia," alisema. "Na wewe usije ukageuka."

Nina ulimi wa haraka, wanaonijua wanajua. Nilipokata simu ndipo nilipofahamu kwamba nimemweka mama yangu rehani kwenye mashindano ya watu wanaovaa suti za kung'aa ng'ambo ya bahari, wasiojua kama Kiponda ipo. Na niliogopa. Chumba kile cha vigae niliwahi kukiona. Dirisha lake linatazama ukuta wa matofali. Hakuna sauti inayoingia, na kaka aliisifu sifa hiyo kuliko zote: kimya, mama atapumzika. Kwa mtu asiyeona, hiyo ni kama kumzimia taa ya pili.

Nikafanya nilichoweza. Nilikaa mapokezi na simu, nikasoma wataalamu wote wanasemaje. Walikuwa wanakubaliana kama waliokaa kikao kimoja: ile filamu ya vita, yule mwanamke wa kituo cha treni, na kwa wanaume kijana mmoja aliyejikondesha mpaka mbavu zikaonekana. Ilikuwa mama aseme majina hayo tu. Hata moja lingetosha.

Nilimwambia wakati anachambua mchele kwa vidole, kazi ambayo anaifanya vizuri kuliko mimi mwenye macho. Nikamweleza ahadi yangu na kaka, yote, bila ya kuficha. Nikamtajia majina. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ahadi ya gari aliitoa nani?" akauliza.

"Mimi."

"Basi we ndo uende Mwanakwerekwe."

"Mama, n'nakuomba. Useme tu jina moja. Yule wa kituo cha treni atashinda, kila mtu anajua."

"Ashinde. Nshamkatalia mimi? Lakini hakunitoa kitini." Akatupa kijiwe pembeni. "Unataka niinuke nkamtunze mwimbaji ambaye hakunigusa, kwa sababu ukumbi mzima unaangalia? Tangu lini?"

"Watakuchukua."

"Nnachukulika mimi? Mimi n'na miaka sitini nahukumu kwa roho yangu. Nikianza leo kusema ya kwenye simu, basi hapo ndo kaka yako atakuwa na haki, kichwa changu kitakuwa kimekwisha. Haya, washa hiyo sauti."

Nikashika simu mbele ya mdomo wake. Akakohoa kidogo, akasema, nayakumbuka neno kwa neno: "Asalaam aleikum. Filamu bora ni ile ndogo, ya dada wawili wanaooka mikate na hawasemeshani. Mwanamume bora, yule mzee aliyekuwa jaji. Mwanamke bora ni jirani yetu wa dirisha la pili. Wasalaam."

"Mama, ongeza kwamba unajua jirani hayumo kwenye filamu. Maneno mawili tu."

"Siongezi."

"Kwa nini?"

"Nijitetee mbele ya watoto nliowazaa kwamba akili n'nazo? Tuma."

Nilituma. Na nikahisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi muda mrefu, kiburi kizuri, cha kutaka kuvimba kifua hadharani. Baadaye kwenye kundi binamu mmoja akaweka kikaragosi cha uso unaolia. Kaka akaandika majina yale yale ya wataalamu, moja baada ya jingine, bila ya neno la ziada.

Tuzo zilitolewa ndani ya Ramadhani. Asubuhi nilipofika kazini nilifungua simu nyuma ya kaunta nikakuta yameshapita. Filamu ya vita imechukua. Mwanamke wa kituo cha treni amechukua, na amelia tena kwenye kushukuru. Kijana wa mbavu amechukua. Mama yangu hakupata hata moja, kwa mara ya kwanza tangu mchezo huu uanze, na kaka yangu alipata zote. Nilitegemea kicheko kwenye kundi. Kicheko ningekijibu. Badala yake shangazi wa Maskati aliandika: "Mama yenu naye kazeeka sasa, Mwenyezi Mungu amhifadhi." Na wote, wote, wakaitikia amina.

Zile amina ziliniuma kuliko vicheko vyote vya dunia. Nililia nyuma ya kaunta, mgeni mmoja akaniuliza kama nataka maji, nikamwambia nimefunga.

Kaka alikuja baada ya alasiri. Tulimsikia akipanda ngazi taratibu, akaingia na begi kubwa la safari, jipya, tupu. Akaliweka sakafuni karibu na kiti cha mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. N'nini hicho ulichoweka?"

"Begi, mama."

Mama akanyoosha mguu akalitafuta, akalipata, akaweka miguu yake yote miwili juu yake, akajinyoosha vizuri. Kaka akaniangalia mimi.

"Tuliahidiana," alisema.

"Sitimizi," nikamjibu. "Niliahidi kitu kisicho changu. Na hebu nambie, katika hizo ulizopatia, umeangalia filamu ngapi?"

"Mimi n'na duka. N'na muda gani wa kuangalia filamu?"

"Hata moja?"

"Nlisoma kwenye simu kama watu wote."

"Basi umepatia zote na hujaona hata moja, na mama kasikiliza zote kakosa zote, na unataka kumchukua yeye kwa sababu kichwa hakifanyi kazi? Kama kupatia ndiyo akili, tuichukue simu yako tuiweke kwenye chumba cha vigae!"

"Punguza sauti," alisema kaka. "Umefunga." Kisha akachuchumaa mbele ya mama, na niliona uso wake. Hakuwa amekuja kwa ushindi. Alikuwa anaogopa, kama mimi, ila yeye hofu yake ilikuwa inamtaka mama mahali anapoweza kumfungia mlango. "Mama, nakuuliza jambo na usikasirike. Ulivyomtaja jirani, ulijua kama hayumo kwenye filamu?"

"Nlijua. Tangu siku ile ile nlijua, si mlinambia?"

"Sasa ukamtaja kwa nini?"

"Mliniuliza mwanamke gani kanitoa kitini mwaka huu. Nkasema kweli."

"Watu wamecheka, mama. Leo wanakuombea dua kama mgonjwa."

"Waliocheka uliwaanza wewe." Mama hakuinua sauti. "Nambie na mimi. We uliyepatia zote. Yule binti alikuwa analia nini?"

Kaka akaliangalia begi.

"Ulikuwepo. Ulimsikia kabla hujacheka na ulimsikia ulipokuwa unacheka. Alikuwa analia nini?"

Akageuza macho kwangu. Nilikuwa najua jibu, lilikuwa limenijaa mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikanyamaza.

"Sijui," alisema kaka.

"Tangu Shaabani?"

"Sijui, mama."

"Na hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Kamuulize," alisema mama. "Karudi, yupo hapo. Kisha urudi tuzungumze habari za kichwa changu."

Ilikuwa karibu na maghribi. Kaka alisimama, akajifuta mikono kwenye kanzu ingawa haikuwa na kitu, akateremka. Kutoka dirishani tulimsikia akipiga hodi ng'ambo, tukasikia sauti ya mumewe binti, aliyekuwa amepewa ruhusa kazini, ikimkaribisha. Kisha maneno ya chini ambayo hata masikio ya mama hayakuyapata. Adhana ikaadhiniwa. Kwa desturi zetu huwezi kumwacha mgeni akatoka nyumbani kwako wakati huo na hajafungua, na wale ni Wapemba, kwa jambo hilo ni wagumu kuliko sisi. Wakamkalisha. Mama na mimi tukafungua kwa tende, tukasali, tukala muhogo wetu wa nazi na tambi, na sahani ya kaka ikabaki imefunikwa. Niliuliza kama nimpelekee. Mama akasema nimwache.

Alirudi baada ya muda mrefu, mama ameshakaa tena kitini na miguu juu ya begi. Alikuwa na bakuli la uji aliopewa atuletee, akalishika kwa mikono miwili kama anaogopa litamwagika, na macho yake yalikuwa mekundu. Akaliweka mezani. Akakaa kwenye ncha ya kochi, pale pale alipokuwa amekaa siku ile.

"Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo," alisema. "Alimsomesha yeye mwenyewe Kurani, mpaka akahitimu. Boti ilikuwa imeshaondoka. Hakuwahi kumzika."

"Najua," alisema mama.

Kaka akainama sakafuni, akainyanyua miguu ya mama mguu mmoja mmoja, akaiweka chini polepole, akalichukua begi lake, na akateremka nalo tupu kama alivyolileta.